Programu ya Kisayansi Uliyoikompaili Mwenyewe Haionyeshi Picha: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kosa Kwenye Linux

Wasomaji wengi hukwama mahali palepale. Amri ya `make` imemalizika bila kosa, `make install` imepita salama, kisha Octave, gnuplot, R, ParaView au Python yenye Matplotlib inagoma kufungua dirisha, au inafungua dirisha jeusi, au inachora grafu isiyo na maandishi. Karibu kila mmoja huanza kwa kufuta kila kitu na kukompaili upya. Muda mrefu baadaye kosa linarudi vilevile, kwa sababu kilichoharibika hakikuwa ndani ya programu aliyoikompaili.

Kanuni ya mwongozo huu ni moja: usikompaili upya kabla hujajua ni tabaka gani limeshindwa. Picha unayoiona kwenye skrini hupitia tabaka tano. Kuanzia chini kuna seva ya maonyesho, ambayo ni X11 au Wayland. Kiendeshi cha kadi ya grafiki. Maktaba ya OpenGL. Maktaba ya madirisha kama vile Qt, GTK, FLTK au Tk. Na juu kabisa programu yenyewe. Tutapanda kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa jaribio la tabaka la juu halina maana ikiwa lile lililo chini yake halijathibitishwa.

## Mahitaji

- Terminali iliyofunguliwa ndani ya eneo-kazi la kompyuta yenyewe. Kama unafanya kazi kwa SSH (kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa mtandao), soma hatua ya 7 kwanza.
- Ruhusa ya msimamizi kwa `sudo`, au mtu mwenye ruhusa hiyo atakayekusakinishia vifurushi.
- Programu ndogo za majaribio. Kwenye Debian na Ubuntu ziko ndani ya vifurushi `mesa-utils`, `x11-utils` na `x11-apps`. Kwenye Fedora ni rahisi zaidi kuziomba kwa njia ya faili zake:

```
sudo dnf install /usr/bin/glxinfo /usr/bin/xdpyinfo /usr/bin/xeyes
```

- Folda uliyokompailia, ikiwa bado ina `config.log` au `CMakeCache.txt`. Kama ulikuwa unakaribia kuifuta, iache kwanza, maana ndani yake ndimo ulimo ushahidi wa hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Lisome kosa lenyewe

Usiianzishe programu kwa kubofya ikoni, kwa sababu ujumbe wa kosa utapotea. Ianzishe kwenye terminali na uuhifadhi ujumbe wote:

```
gnuplot -persist -e "plot sin(x)" 2>&1 | tee kosa.txt
```

Mstari wa kwanza wa kosa ndio wenye uzito. Mistari inayofuata mara nyingi ni matokeo yake, na ndiyo inayowapoteza watu, hasa ile ya mwisho inayosema tu kwamba programu imekatika.

Ujumbe wenye maneno `cannot open display` unakupeleka hatua ya 2. Dirisha jeusi, au ujumbe unaotaja GLX, EGL au OpenGL, unakupeleka hatua ya 3. Maneno `error while loading shared libraries` au `Could not load the Qt platform plugin` ni ya hatua ya 4. Programu isipolalamika hata kidogo, ila dirisha halitokei, nenda hatua ya 5. Hata hivyo, fanya majaribio mafupi ya hatua ya 2 na ya 3 kwa vyovyote vile, kwani hayachukui hata dakika mbili.

Kabla ya kuendelea, angalia mabaki ya majaribio yako ya zamani:

```
env | grep -E '^(DISPLAY|WAYLAND|XDG_SESSION|QT_|GDK_|LIBGL|MESA|LD_|__GLX|MPLBACKEND|GNUTERM)'
```

Mtu aliyehangaika na tatizo hili kwa siku kadhaa huwa ameshaongeza mistari ya `export` kwenye `~/.bashrc`, akaisahau. Mstari mmoja wa `LD_LIBRARY_PATH` uliobaki humo unaweza kuharibu kila programu utakayoianzisha kwenye terminali hiyo. Weka alama ya `#` mbele ya mistari hiyo, funga terminali, fungua nyingine, kisha urudie jaribio.

## Hatua ya 2: Thibitisha seva ya maonyesho

```
echo "$XDG_SESSION_TYPE  $DISPLAY  $WAYLAND_DISPLAY"
xdpyinfo | head -n 3
xeyes
```

Hatua hii imefaulu ikiwa `xdpyinfo` inataja jina la onyesho kama `:0` au `:1`, na `xeyes` inaonyesha macho mawili yanayofuata kishale cha kipanya. Usishangae kuona `DISPLAY` ina thamani ingawa unatumia Wayland, kwani XWayland huhudumia programu za X11 ndani yake.

Ikiwa `xeyes` yenyewe inashindwa, programu uliyoikompaili haina hatia. Chunguza mambo mawili. Kwanza, je, umebadilisha mtumiaji kwa `su` au `sudo`? Mtumiaji mpya hana ufunguo wa kuingilia seva ya maonyesho ya yule wa kwanza, na programu ya kisayansi haihitaji kabisa kuendeshwa kama msimamizi. Pili, je, uko ndani ya `tmux` au `screen`? Vikao hivyo huendelea kubeba thamani ya `DISPLAY` iliyokuwepo siku vilipofunguliwa, hata kama imeshakufa.

Onyo. Utashauriwa mara nyingi uandike `xhost +`. Usifanye hivyo. Amri hiyo inaondoa udhibiti wa nani anaruhusiwa kuunganika na seva yako ya X, na anayeunganika anaweza kusoma unachoandika kwa kibodi, pamoja na nenosiri.

Kama uko kwenye Wayland na `xeyes` imefanya kazi lakini programu yako ya Qt haionyeshi picha ya pande tatu, jaribu hivi:

```
QT_QPA_PLATFORM=xcb ./programu_yako
```

Ikifunguka vizuri, sababu inaeleweka. Programu nyingi za kisayansi huitumia maktaba ya GLEW iliyojengwa kwa ajili ya GLX, ambayo ni lango la OpenGL la X11. Qt inapochagua Wayland, lango hilo halipo, na GLEW inashindwa kuanza. Kwa programu hiyo pekee, kuipitisha kwenye XWayland ni suluhisho linalokubalika. Weka kigezo hicho kwenye hati ndogo ya kuianzisha, si kwenye `~/.bashrc`.

## Hatua ya 3: Thibitisha OpenGL na kiendeshi

```
glxinfo -B
```

Soma mistari mitatu. Mfano huu unatoka kwenye mfumo usioitumia kadi yake ya grafiki:

```
direct rendering: Yes
OpenGL renderer string: llvmpipe (LLVM 15.0.7, 256 bits)
OpenGL core profile version string: 4.5 (Core Profile) Mesa 23.2.1
```

Neno la kutafuta ni `llvmpipe`. Maana yake ni kwamba prosesa ndiyo inayochora kila kitu badala ya kadi ya grafiki. Grafu za kawaida zitatoka sawasawa, ila wavu wenye pembetatu milioni kadhaa ndani ya ParaView utasogea kwa shida. Ukiona jina la kadi yako kwenye mstari huo, pamoja na toleo la OpenGL la 3.2 au zaidi, ambalo ndilo ParaView ya sasa na VTK (maktaba ya picha za pande tatu inayoitumia) zinalihitaji, hatua hii imefaulu.

Ukiona `llvmpipe` na unajua kompyuta ina kadi nzuri, angalia ruhusa:

```
ls -l /dev/dri
id
```

Lazima kuwe na faili kama `card0` na `renderD128`. Kama zipo lakini zinamilikiwa na vikundi vya `video` na `render` ambavyo wewe humo, muombe msimamizi akuingize, kisha utoke kwenye akaunti na kuingia tena. Kama hazipo kabisa, kiendeshi hakijapakiwa, au uko ndani ya kompyuta pepe isiyopewa uwezo wa pande tatu.

Kwa wenye kadi ya NVIDIA, endesha `nvidia-smi`. Ikijibu `Driver/library version mismatch`, kiendeshi kimesasishwa lakini kerneli bado inatumia kile cha zamani. Washa kompyuta upya. Kwa kompyuta za mkononi zenye kadi mbili, ile yenye nguvu haitumiki mpaka uiombe:

```
__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia glxinfo -B
```

Kadi zinazotumia viendeshi vya Mesa (mradi huria wa OpenGL kwenye Linux) huombwa kwa `DRI_PRIME=1`.

Sasa fanya jaribio linalotenganisha kiendeshi na programu, ambalo kwangu ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote katika mwongozo huu:

```
LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1 ./programu_yako
```

Unailazimisha Mesa ichore kwa prosesa bila kugusa kadi. Dirisha jeusi likigeuka kuwa picha sahihi, kosa liko kwenye kiendeshi, na hakuna kukompaili kutakakolitibu. Lisipobadilika, kiendeshi hakihusiki na unaweza kuendelea. Kwenye mfumo wenye kiendeshi rasmi cha NVIDIA ongeza `__GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=mesa` mbele ya amri hiyo, vinginevyo kigezo hakitakuwa na athari yoyote.

## Hatua ya 4: Thibitisha maktaba zinazopakiwa

Hapa ndipo palipo na makosa mengi ya programu zilizokompailiwa kwa mkono. Kompaila hutafuta maktaba kwa kanuni zake, na mfumo unapoianzisha programu huzitafuta tena kwa kanuni nyingine. Pande hizo mbili zisipokutana kwenye faili ileile, programu inayotoka kwenye `make` bila kosa inaanguka mara inapoanzishwa.

Kwanza hakikisha unalichunguza faili sahihi. `R` ni hati ya shell, na `octave` ni kianzishi tu kinachoita faili jingine liitwalo `octave-gui` ndani ya folda ya `libexec`. Gnuplot nayo huita kisaidizi kinachoitwa `gnuplot_qt` au `gnuplot_x11`. Kuendesha `ldd`, amri inayoorodhesha maktaba ambazo faili linazihitaji, juu ya kianzishi hakutakuambia lolote la maana.

```
file "$(command -v octave)"
find /usr/local -name octave-gui -o -name gnuplot_qt
ldd /njia/kamili/ya/octave-gui | grep -E 'not found|GL|Qt|stdc'
ldd "$(R RHOME)/modules/R_X11.so" | grep 'not found'
```

Matokeo yanayotakiwa ni kwamba hakuna mstari wenye `not found`, na kila mstari wa GL, Qt na `libstdc++` unaelekea kwenye folda moja ya mfumo, kama `/lib/x86_64-linux-gnu` au `/usr/lib64`.

### Maktaba haipatikani

Kama maktaba uliisakinisha wewe kwenye `/usr/local/lib` au `/usr/local/lib64`, endesha `sudo ldconfig` kwanza. Baadhi ya distro, Fedora ikiwemo, hazizitafuti folda hizo bila kuelekezwa; andika njia yake kwenye faili jipya ndani ya `/etc/ld.so.conf.d/`, kisha rudia `ldconfig`.

Dalili nyingine huwachanganya watu sana: programu inafanya kazi ikiwa ndani ya folda ya kukompailia, lakini inakufa baada ya `make install`. CMake, zana inayosanidi ujenzi wa programu, huandika njia za maktaba ndani ya programu wakati wa kujenga, kisha huzifuta wakati wa kusakinisha. Linganisha mafaili hayo mawili:

```
readelf -d ./build/bin/programu_yako | grep -E 'RPATH|RUNPATH'
readelf -d /usr/local/bin/programu_yako | grep -E 'RPATH|RUNPATH'
```

Kama la kwanza lina njia na la pili halina, umepata sababu. Tiba yake ni `-DCMAKE_INSTALL_RPATH=/njia/ya/maktaba`, nayo inatolewa katika hatua ya 6.

### Maktaba inapatikana, ila si ile inayotakiwa

Huu ndio mtego wa wanaotumia Conda, msimamizi wa vifurushi anayeweka maktaba zake mwenyewe kando na za mfumo. Ujumbe wake huwa hivi:

```
libGL error: MESA-LOADER: failed to open swrast:
/home/mtumiaji/miniconda3/lib/libstdc++.so.6: version `GLIBCXX_3.4.30' not found
(required by /lib/x86_64-linux-gnu/libLLVM-15.so.1)
```

Usome polepole. Mesa ya mfumo inahitaji LLVM (maktaba ya kompaila) ya mfumo, na LLVM hiyo ilijengwa kwa GCC 12 au ya baadaye, hivyo inadai `libstdc++` yenye alama ya `GLIBCXX_3.4.30`. Lakini programu imeshapakia `libstdc++` ya Conda ambayo ni ya zamani, na mchakato mmoja hauwezi kupakia mbili zenye jina moja. Mesa inashindwa, OpenGL haipatikani, na wewe unaona dirisha tupu. Ujumbe unaanza na `libGL`, kwa hiyo wengi hukimbilia kubadilisha kiendeshi ambacho hakina kosa.

Thibitisha kwa jaribio hili, ukibadilisha njia kulingana na distro yako:

```
LD_PRELOAD=/usr/lib/x86_64-linux-gnu/libstdc++.so.6 ./programu_yako
```

Ikifunguka, sababu imethibitishwa. Tiba ya kudumu ni mojawapo kati ya mbili: sasisha maktaba hiyo ndani ya mazingira ya Conda kwa `conda install -c conda-forge libstdcxx-ng`, au toka kwenye Conda kwa `conda deactivate` na ukompaili programu ukiwa nje yake. Napendelea ya pili kwa kila kitu kinachokompailiwa kwa mkono, kwa sababu Conda ikiwa hai, CMake huweza kuchukua Qt ya Conda na OpenGL ya mfumo kwa wakati mmoja, na mchanganyiko huo utakusumbua tena mbele.

Onyo. Usifute `libstdc++.so.6` ndani ya Conda na kuweka kiungo cha kuelekea ya mfumo. Ushauri huo umeenea, na unafanya kazi mpaka siku Conda itakaposasishwa. Vilevile `LD_PRELOAD` ni chombo cha kupimia. Usiiache kwenye `~/.bashrc`.

### Programu-jalizi za Qt

Qt haiunganishwi moja kwa moja na X11. Inapoanza, hutafuta faili la `libqxcb.so` na kulipakia, kwa hiyo `ldd` ya programu kuu haiwezi kukuonyesha upungufu wake. Ujumbe unaosema kwamba programu-jalizi ya `xcb` imepatikana lakini haikuweza kupakiwa una maana hasa hiyo: faili lipo, kinachokosekana ni kitu ambacho faili hilo linakihitaji.

```
QT_DEBUG_PLUGINS=1 ./programu_yako 2>&1 | grep -i xcb
find / -name libqxcb.so 2>/dev/null
ldd /njia/iliyopatikana/libqxcb.so | grep 'not found'
```

Tangu Qt 6.5, kinachokosekana mara nyingi ni `libxcb-cursor.so.0`, ambacho kwenye Debian na Ubuntu kiko kwenye kifurushi cha `libxcb-cursor0`. Kisakinishe, na hakuna haja ya kukompaili.

Kama `find` imeleta mafaili kadhaa, angalia lipi linapakiwa kweli. Vipo vifurushi vya Python vinavyobeba Qt yao wenyewe na kuielekeza programu nzima huko. Programu-jalizi ya toleo moja la Qt haiwezi kutumika na maktaba ya toleo jingine, hata kama tofauti inaonekana ndogo.

## Hatua ya 5: Je, uwezo wa kuonyesha picha ulikompailiwa?

Programu nyingi za kisayansi zinaweza kujengwa bila dirisha lolote. Zana ya usanidi isipopata faili za Qt au X11, haisimami; inaandika onyo kati ya mamia ya mistari na kuendelea. Ndiyo maana unapata programu inayokokotoa vizuri lakini haina pa kuchorea. Iulize programu yenyewe.

Gnuplot. Inapoanza, husema ni terminali gani ya michoro imechaguliwa. Ikisema `Terminal type is now 'unknown'`, andika `set terminal` na utafute `qt`, `wxt` au `x11` kwenye orodha. Zote tatu zikikosekana, hazikujengwa.

Octave. Andika `available_graphics_toolkits`. Unataka kuona `qt` au `fltk`. Ukiona `gnuplot` peke yake, OpenGL haikupatikana wakati wa usanidi. Usiulize ndani ya `octave-cli`, kwa kuwa hiyo hujengwa bila Qt na jibu lake litakupotosha.

R. Andika `capabilities(c("X11","cairo"))`. Jibu la `FALSE` kwa X11, huku `xeyes` ikifanya kazi, linaonyesha kwamba moduli haikujengwa au haipakiki. Kwenye Debian na Ubuntu, kifurushi kinachosahaulika zaidi ni `libxt-dev`.

Python na Matplotlib. Onyo la `FigureCanvasAgg is non-interactive` linasema kwamba Matplotlib haikupata maktaba yoyote ya madirisha. Endesha `python3 -m tkinter`. Kidirisha kidogo kinapaswa kutokea. Ukijibiwa kwamba `_tkinter` haipo, Python yako ilijengwa bila `tk-dev`, na hakuna `pip install` itakayoiongeza. Ama ujenge Python upya, ama usakinishe PyQt au PySide na uweke `MPLBACKEND=QtAgg`.

ParaView na VTK. Soma uamuzi uliofanywa na CMake:

```
grep -E 'PARAVIEW_USE_QT|VTK_USE_X|OSMESA|EGL|OPENGL_' CMakeCache.txt
```

`PARAVIEW_USE_QT:BOOL=OFF` ina maana hukuijenga sehemu yenye dirisha. `VTK_USE_X:BOOL=OFF` ina maana VTK haijui X11. Njia ya maktaba inayoishia na `NOTFOUND` inakuonyesha kifurushi gani kilikosekana.

Kwa programu zinazotumia `./configure`, maonyo yamehifadhiwa:

```
grep -n -iE 'warning.*(opengl|qt|x11|fltk|freetype)' config.log
```

Usiipuuze FreeType, maktaba ya kuchora herufi. Octave iliyojengwa bila hiyo itachora mistari ya grafu kwa ukamilifu na kuacha mihimili bila namba wala majina.

## Hatua ya 6: Kompaili upya, sasa kwa sababu inayojulikana

Umefika hapa ikiwa tu hatua ya 4 au ya 5 imekuonyesha kitu kilichokosekana au kilichochanganyika. Kwanza pata vifurushi vyenye faili za kujengea. Njia fupi kuliko zote ni kuomba kila kitu ambacho distro yako hukitumia kujenga programu hiyohiyo:

```
sudo apt build-dep octave
sudo dnf builddep octave
```

Ya kwanza ni ya Debian na Ubuntu, na inahitaji vyanzo vya `deb-src` viwe vimewashwa. Ya pili ni ya Fedora. Kama programu yako haimo kwenye distro, anza na `libgl1-mesa-dev`, `libglu1-mesa-dev`, `libx11-dev`, `libxt-dev`, `libfreetype-dev`, `libfontconfig-dev` na `qt6-base-dev`.

Kisha toka Conda na ujenge kwenye folda mpya tupu. Hili la folda mpya halina mbadala: CMake hukumbuka majibu yake kwenye `CMakeCache.txt`, na Qt ambayo haikupatikana mara ya kwanza inaweza kuendelea kuhesabiwa kuwa haipo hata baada ya kusakinishwa.

```
conda deactivate
mkdir build-mpya && cd build-mpya
cmake .. -DCMAKE_INSTALL_PREFIX=$HOME/opt/programu \
  -DCMAKE_INSTALL_RPATH=$HOME/opt/programu/lib \
  -DOpenGL_GL_PREFERENCE=GLVND 2>&1 | tee usanidi.txt
```

Kwa `./configure` tumia `--prefix=$HOME/opt/programu`. Kama awali ulijengea ndani ya folda ya msimbo chanzo, anza na `make distclean`.

Sasa simama. Usiandike `make` bado. Soma `usanidi.txt`, hasa muhtasari wa mwisho, na urudie swali la hatua ya 5: je, Qt, X11 na OpenGL zimetajwa kuwa zimepatikana, na njia zake ni za mfumo? Dakika tano hapa zinaokoa saa nzima. Jibu likiwa sahihi, endelea na `make -j4` na `make install`.

Onyo. Usisakinishe ndani ya `/usr` moja kwa moja. Utafunika mafaili ya msimamizi wa vifurushi, na sasisho linalofuata litayavuruga ya pande zote mbili.

## Hatua ya 7: Ukiwa kwenye seva ya mbali

Unganika kwa `ssh -X`, kisha uandike `echo $DISPLAY`. Jibu sahihi hufanana na `localhost:10.0`, na SSH ndiyo inayoliweka. Ukiliandika kwa mkono wako mwenyewe, utafuta kosa moja na kuleta jingine. Likiwa tupu, hakikisha seva ina kifurushi cha `xauth` na kwamba `/etc/ssh/sshd_config` ina mstari wa `X11Forwarding yes`. `ssh -v` itakuonyesha ombi lilikataliwa wapi.

Programu ikifunguka vizuri kisha ikaacha kuruhusiwa kufungua madirisha mapya baada ya dakika 20, huo ndio muda wa kawaida wa `ssh -X` isiyoaminiwa. Tumia `ssh -Y` kwa seva unayoiamini tu.

Grafu za pande mbili zitapita. Picha za pande tatu ni jambo jingine: amri za OpenGL zinazotumwa kwa mtandao hupitia GLX isiyo ya moja kwa moja, ambayo Xorg imeizima kwa chaguo-msingi tangu toleo la 1.17 la mwaka 2015, na hata ikiwashwa inaishia OpenGL 1.4. ParaView haiwezi kuridhika na hilo. Usipoteze siku ukirekebisha `ssh -X`. Tumia VirtualGL pamoja na TurboVNC ili picha ichorwe kwenye seva na kuletwa ikiwa imekamilika, au endesha `pvserver` (sehemu ya ParaView inayofanya kazi upande wa seva) huko na ParaView yenye dirisha kwako.

Kwa kazi zinazoishia kuhifadhi picha kwenye faili, huhitaji dirisha; `xvfb-run` huipa programu skrini ya bandia:

```
xvfb-run -a -s "-screen 0 1280x1024x24" ./programu_yako
```

## Hatua ya 8: Picha ipo, lakini ukubwa au maandishi si sahihi

Picha ya pande tatu ikijaza robo moja tu ya dirisha, kwenye kona ya chini kushoto, programu haijui kwamba skrini yako ina pikseli nyingi na mfumo umezidisha ukubwa. Jaribu `QT_ENABLE_HIGHDPI_SCALING=0`. Vitufe vikiwa vidogo mno, weka `QT_SCALE_FACTOR=1.5` kwa Qt, au `GDK_SCALE=2` kwa GTK, ambayo hupokea namba kamili pekee.

Maandishi yakionekana kama visanduku, fonti haipo: andika `fc-match sans` uone inayochaguliwa, sakinisha inayokosekana, kisha `fc-cache -fv`. R ikilalamika kuhusu fonti ya `-adobe-helvetica`, tumia `x11(type="cairo")`, au usakinishe `xfonts-75dpi` na `xfonts-100dpi` na uingie upya kwenye kikao chako.

## Ikiwa bado imegoma

Andika ripoti kwa watengenezaji wa programu. Iwe na mstari wa kwanza wa kosa kutoka `kosa.txt`, matokeo ya `glxinfo -B`, matokeo ya `ldd` juu ya faili sahihi, thamani ya `XDG_SESSION_TYPE`, muhtasari wa `usanidi.txt`, na jibu la swali hili: kwa `LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1` kosa linabaki au linaondoka? Kama programu inakatika ghafla, ongeza matokeo ya amri hii:

```
gdb -batch -ex run -ex bt --args ./programu_yako
```

Kabla ya kutuma, futa jina lako la mtumiaji na majina ya seva kwenye njia za mafaili, na utaje toleo kamili la msimbo chanzo uliokompaili, pamoja na namba ya `git rev-parse HEAD` ikiwa uliuchukua kutoka Git.